Fumbo la Ndizi ya Askofu

Mujomba wangu alikuwa na sheria moja tu: jibu bila maelezo si jibu. Ungeweza kumletea neno lenyewe, kila herufi imekaa katika chumba chake kama mtoto wa internat katika bweni lake, naye angekutazama juu ya miwani yake, ile ambayo mguu mmoja ulikuwa waya wa redio, na kusema, "Eleza." Ukishindwa, alilifuta. Alilifuta hata kama lilikuwa sahihi. Gome yake, ile raba ya kufutia, ilikuwa chafu, kwa hiyo aliacha doa jeusi mahali pa neno lako, na doa hilo ndilo lilikuwa pointi zako za siku.

Alikaa Beni. Kazi yake ilikuwa kuchapa mitihani ya shule moja ya sekondari kwa mashini ya kuzungusha kwa mkono, kwa hiyo vidole vyake vilikuwa na wino siku zote, hata kanisani, hata kwenye picha ya harusi yake. Mots croisés, mchezo wa kujaza herufi katika vyumba ili maneno yapishane, alijifunza katika magazeti ya Kifaransa ambayo wafanyabiashara walifungia sabuni na misumari. Tabu ya magazeti yale ni kwamba majibu yalikuwa katika toleo linalofuata, na toleo linalofuata lilikuwa limefungia sabuni ya mtu mwingine. Miaka mingi Mujomba alijaza vyumba bila kujua kama amepata. Mwishowe alichoka, akaanza kutunga mafumbo yake mwenyewe, kwa Kiswahili.

Alitunga kwa maharage. Alichora vyumba nyuma ya karatasi ya mtihani iliyoharibika, kisha akaweka punje za maharage mahali pa vyumba vyeusi, akizisogeza huku na huku mpaka maneno yakubali kupishana. Nilipokuwa mdogo nilikwenda kwake likizo, na kazi yangu ilikuwa kushika bakuli. Mke wake hakupenda.

"Bwana za benzangu banaletaka maharage ya kupika," alisema kutoka jikoni. "Wangu analetaka ya kupanga mu karatasi!"

Siku moja aliyakusanya yote na kuyapika, fumbo likiwa katikati. Mujomba alikula sahani yake polepole, akasema tu, "Hii ilikuwa fumbo nguvu. Inakataa kuingia."

Sisi tulikaa Butembo, mtaa wa Vulamba, na tangu nilipoingia sekondari mafumbo yalisafiri kwa barua. Posta haikuwapo. Posta yetu ilikuwa mama mmoja aliyetoa samaki Kyavinyonge, kando ya ziwa, akauza Butembo siku mbili, halafu akapanda Beni na waliobaki. Barua aliiweka katika saketi ya plastiki, katikati ya samaki wa chumvi. Barua za Mujomba nilizisoma kwa pua kwanza. Kila barua ilikuwa na fumbo moja, na mimi nilirudisha jibu, maelezo, na fumbo langu.

Nitaeleza moja, ili mtu asiyejua mchezo huu asibaki nje. Aliniandikia: "Tunaingoja sisi wote. Ukiisoma kutoka mwisho, ni amri ya bariyeri. Herufi tano." Bariyeri zilikuwa kila mahali wakati ule, kamba moja imevutwa njiani, askari mmoja, redio moja. Nilimjibu kwamba ni SIMAMA, na kwa kuwa ina herufi sita, ile moja tuiache kwa mama wa samaki kama pesa ya safari. Alinirudishia karatasi yenye doa. Nilikaa nalo wiki nzima. Halafu mama yangu akarudi kutoka sokoni mgongo ukimuuma, akasema askari wa siku hizi hawafungui tena kamba kwa mtu wa miguu, wanasema tu inama upite chini. Nikaandika INAMA, nikaigeuza. AMANI. Nililia kidogo na nikamchukia Mujomba kidogo, kwa sababu lilikuwa zuri na halikuwa langu.

Kwetu mtoto wa dada, mwipwa, ana ruhusa kwa mujomba wake. Anaweza kuingia na kuchukua kuku, anaweza kumwita mzee mzima kichwa cha mbuzi mbele ya wageni, na hakuna wa kumkanya. Mimi ruhusa hiyo niliitumia mpaka ikachakaa.

Siku moja katika saa ya dini, mimi na mwenzangu wa dawati tulitunga fumbo la kumuua Mujomba. Tulisema hivyo hivyo, la kumuua. Tulifumba macho, tukaweka kidole katika vitabu mbalimbali. Katekisimu ikatoa askofu. Kitabu cha kilimo kikatoa ndizi. Daftari la kazi za nyumbani likatoa pasi. Mvua ilikuwa inapiga mabati, tukaitia pia. Idadi ya herufi tuliipata kwa kuhesabu vifungo vya kanzu ya padri aliyekuwa akitufundisha habari za Roho Mtakatifu. Tisa. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: "Ndizi ya askofu hupiga pasi kabla ya mvua. Herufi tisa."

Halikuwa na jibu. Hicho ndicho kilikuwa kichekesho. Mujomba angehangaika siku tatu, angeandika kwamba ameshindwa, nami kwa mara ya kwanza ningemwandikia: Eleza!

Mama wa samaki aliondoka na barua siku ya Jumatano. Wiki ileile vita vilishuka barabarani kati ya Butembo na Beni. Nani alipigana na nani, uliza watu wakubwa. Sisi tulijua tu kwamba malori yamesimama, shule imefungwa, na chumvi imepanda bei. Siku za kwanza tulifurahi. Mtihani wa hesabu ulikuwa Ijumaa.

Mama wa samaki alirudi baada ya karibu wiki tatu, amezungukia upande wa ziwa, viatu vimekwisha. Alikaa kwenye ngazi ya nyumba yetu, akanywa maji vikombe viwili, ndipo akasema:

"We mwipwa wa mutu wa maneno. Mujomba yako banamulaza hospitali. Tumbo imejaa maji, imekuwa hivi." Alionyesha kwa mikono. Mama yangu akashika mlango. "Na ananiuliza mambo. Ati ndizi ya askofu inapiga pasi namna gani? Nikamwambia, baba, mi niko wa samaki, uniulize samaki. Mais haachi. Anauliza banurse, anauliza bagonjwa. Alinipa hii."

Ilikuwa karatasi ndogo. "Mwipwa, usinipe jibu. Bado natembea."

Lazima niandike hili: nilicheka. Mama yangu alikuwa ameegemea mlango, kaka yake amevimba maji katika mji ambao njia yake imefungwa, nami nilicheka. Nilikimbia kwa mwenzangu wa dawati, tukacheka pamoja, tukamwigiza Mujomba akimuuliza daktari habari za ndizi.

Kesho yake nilijaribu kucheka tena na sikuweza. Niliandika, "Mujomba, halina jibu. Tuliokota maneno. Unisamehe," nikampa mama wa samaki, nikamwomba aende haraka, kama vile vita vilikuwa vinamngoja yeye tu avipe amri vinyamaze. Alifika nusu ya njia. Askari wa njiani walimnyang'anya vikapu vyote viwili. Aliporudi alinipa barua yangu, imelowa, haijafunguliwa.

"Hii hawakuitaka," alisema.

Ilipita wiki moja, ikapita nyingine, na nyingine. Kila asubuhi nilikwenda parking kuuliza kama lori linapanda Beni. Madereva walinizoea. "Mutoto ya parking, leo bado!" walinipigia kelele kabla sijafika. Mama alidhani nampenda sana Mujomba. Nilimpenda, ndiyo, lakini kilichonikimbiza parking asubuhi kilikuwa kile kifumbo. Niliwaza: mtu mgonjwa ana nguvu kidogo, zimehesabiwa, na yeye anazitumia kwa vifungo vya kanzu ya padri.

Njia ilipofunguka tulipanda juu ya lori, mimi na mama, tukakaa juu ya viazi na poro, vile vitunguu vya majani. Mama alikuwa na rozari mkononi. Kabla hatujatoka mjini alinishika sikio.

"Tukifika kule, usianze michezo yako."

"Sianzi, mama."

Sikumdanganya. Nilikuwa nakwenda kuumaliza.

Hospitalini, kitanda cha Mujomba kilikuwa karibu na dirisha. Nilimtambua kwa miwani. Uso ulikuwa umekauka, mikono imekauka, na chini ya blanketi lilikuwepo lile tumbo, kama limeazimwa kwa mtu mwingine, mnene na mwenye afya. Mke wake alisimama kumkumbatia mama yangu, wakalia kidogo kama inavyotakiwa. Mujomba aliwaacha walie, akanitazama mimi.

"Umefika, kichwa ya mbuzi."

Hilo lilikuwa neno langu kwake.

"Ndiyo huyu?" aliuliza mgonjwa wa kitanda cha pili, mzee mmoja muinjilisti wa Kiprotestanti, mguu wake umefungwa plasta. "Njo huyu wa ndizi? Mutoto, umetutesa! Mi nilisema toka mwanzo, ile fumbo ni ya Bakatoliki, na mambo ya Bakatoliki haielezekake."

"Nyamaza, muinjilisti," alisema Mujomba. "We ulisema jibu ni Babiloni."

"Na iko herufi nane. Nilikuwa karibu!"

Mke wa Mujomba alichukua daftari chini ya mto, akanipa. "Ona kazi yako. Anaandika asubuhi, anaandika baada ya dawa. Daktari anasema apumzike, yeye anasema anapumzika ndani ya hii."

Daftari lilikuwa limejaa. Alikuwa amemkata askofu kichwa, akapata SKOFU, akaandika pembeni: si kitu. Alikuwa ameigeuza ndizi, IZIDN, hapana. Alikuwa amejaribu aina za ndizi moja moja, kwa Kiswahili, kwa Kinande, za kupika, za pombe. Alikuwa ameandika maneno ya herufi tisa kurasa na kurasa. MAHARAGWE lilikuwepo, lina mstari chini yake na alama ya kuuliza. Kuna ukurasa mmoja uliochorwa kwa mistari ya kutetemeka, wa siku mbaya, na katika ukurasa ule kulikuwa na vyumba tisa tu, vitupu.

"Keti," alisema. "Nimefika, nafikiri. Mais nimefika nusu. Askofu akija mu parokia, anakuja kufanya nini?"

"Kula," nilisema. Lilinitoka.

Muinjilisti alicheka mpaka plasta ikamuuma. Mujomba hakucheka.

"Anakuja kutoa Kipaimara. Hesabu herufi." Nilihesabu kwa vidole. Tisa. "Donc askofu ametulia. Ndizi njo inanisumbua. Basi niambie tu: ni Kipaimara?"

Nilikuwa nimekuja kutoka Butembo juu ya viazi ili niseme neno moja, na neno lenyewe nilikuwa nalo mdomoni. Lakini aliniuliza kwa uso ambao sikuwahi kuuona kwake, uso wa mwanafunzi anayengoja pointi. Nikasema:

"Ndiyo, Mujomba. Ni Kipaimara."

Mke wake alipiga makofi. Muinjilisti akasema, "Si nilisema ni ya Bakatoliki!" Mujomba alivua miwani, akaifuta kwa shuka, akaivaa tena. Halafu akasema:

"Eleza."

Nilieleza. Mungu anajua nilijaribu. Nilisema pasi ni kwa sababu siku ya Kipaimara watoto wote wanavaa nguo zilizopigwa pasi. Nilisema ndizi ni pombe ya ndizi, kwa kuwa baada ya misa wazazi wanasherehekea, na pombe hiyo siku hiyo ni kwa heshima ya askofu. Nilizungumza haraka, kwa mikono, kama mchuuzi wa dawa ya panya, na kadiri nilivyozungumza ndivyo lilivyoanza kufanana na kweli, hata mama yangu alikuwa anatikisa kichwa kukubali.

"Na mvua?" aliuliza Mujomba.

"Mvua..."

"Inasema kabla ya mvua. Mvua iko wapi mu Kipaimara?"

Nilitafuta mvua. Nilitazama nje ya dirisha, kulikuwa na jua na mashuka yaliyoanikwa. Muinjilisti alinisaidia: "Labda ni Roho Mtakatifu wa Kipaimara, anashukaka toka juu kama mvua." Mujomba aliinua kidole chake chenye wino wa zamani, muinjilisti akanyamaza.

"Namuuliza yeye."

"Halina jibu, Mujomba," nilisema. "Tulifumba macho tukaokota maneno mu vitabu. Tisa ni vifungo ya padri. Niliandika barua ya kukuambia, haikufika."

Hakuna aliyenigombeza. Ndiyo sababu ninaandika. Mama yangu alitazama chini. Muinjilisti alijifanya anatafuta Biblia yake. Mke wa Mujomba ndiye alisema, polepole, akilikunja blanketi ambalo tayari lilikuwa limekunjwa, "Basi ni mwipwa wake. Ni haki yake kumucheza." Kama angenipiga kofi ningemshukuru. Ruhusa ile ilinisimamia pale kama wakili mbaya anayemtetea mtu asiyetaka kutetewa.

Mujomba alichukua daftari kutoka mikononi mwangu. Alifungua ukurasa wa vyumba tisa vitupu, akautazama, akalifunga. Halafu akageuka ukutani, na kugeuka kulimchukua muda mrefu, kwa sababu ya tumbo. Sikujua kama nimsaidie. Sikumsaidia.

Nilikwenda uani wanakopikia wagonjwa, nikaosha sufuria zetu, nikaosha na za watu wengine.

Siku ya pili aliniita. Niliketi. Hakunitazama, alitazama dari.

"Ndege anayekaa mwanzoni mwa kukumbuka. Herufi ine."

Lilikuwa fumbo la mtoto wa darasa la tatu. Mimi nilikuwa msichana wa sekondari, nilikuwa nimeshavunja mafumbo ya maneno matatu yaliyokulana. Nilielewa kwamba amenirudisha chini kabisa, mahali pa kushika bakuli, na kwamba nisipokubali kuanza pale hakutakuwa na mahali pengine.

"KUKU," nilisema. "Ukiandika kukumbuka, herufi ine za kwanza ni kuku."

"Ndiyo."

Hayo tu. Kesho yake: "Mlima wamekata kichwa. Chukua jembe." Nikasema LIMA, nikaeleza kwamba ukiondoa herufi ya kwanza ya mlima, inabaki lima. Nilieleza kwa adabu kama ninaungama. Muinjilisti alianza kusema kitu juu ya milima yetu, kwamba kweli tumeilima mpaka vichwa vimekwisha, nami nilikuwa na jibu la kuchekesha kabisa. Nililimeza.

Tulikwenda hivyo siku kadhaa, fumbo moja kwa siku, kila siku gumu kidogo kuliko jana, na sauti yake kila siku ndogo kidogo kuliko jana. Walimtoa maji tumboni, yakarudi. Mama na mke wake walianza kuzungumza kwa Kinande cha chini nje ya mlango, na waliponiona walizungumza juu ya mboga.

Siku ya Jumanne nilikaa, nikangoja. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Nilidhani hana nguvu ya kutunga. Akasema:

"Leo, wewe."

Nilitoka nje na kipande cha karatasi, nikakaa uani mpaka mchana ukapita. Sijawahi kufanya kazi ya shule vile. Kila nilichotunga nilikieleza kwanza kwa sauti, peke yangu, mbele ya masufuria, na kila mahali maelezo yalipokwama nilifuta. Njiani kutoka Butembo tulikuwa tumeona vijiji vilivyochomwa, kuta zimesimama, juu hakuna kitu. Kutokana na hilo nilipata moja. Ukikata kichwa cha nyumba, herufi ya kwanza, inabaki YUMBA, na kuyumba ndiko anakofanya mlevi. Kila neno lilikuwa na kazi. Hakuna mvua iliyobaki nje.

Niliinama sikioni mwake. "Nyumba wametoa paa, sasa inafanya kama mulevi. Herufi tano."

Alifumba macho.

"Iko na jibu?"

"Iko, Mujomba."

"Na maelezo?"

"Yote."

"Basi usiniambie."

Jumatano hakuzungumza. Alhamisi walimletea padri, na muinjilisti aliomba ageuziwe kitanda ili asali naye. Ijumaa, kabla ya saa sita, tulikuwa tumekaa wote pale, na mama yangu ndiye aliyeona kwanza kwamba hapumui tena.

Mke wake aliniambia baadaye, tulipokuwa tunakunja vitu vyake, kwamba Alhamisi mchana aliona vidole vya Mujomba vinagonga blanketi, kimoja kimoja, kuanzia kidole gumba. Alidhani ni homa. Mimi nilijua anahesabu herufi, nikamuuliza vilifika vingapi. Akafikiri sana, maskini, akijua nataka nini.

"Vinne niliona," alisema. "Nesi aliniita, nikatoka."